Kabla ya Kibao cha Jina la Kocha, Hati ya Uwanja Iko Wapi?

Wiki tatu zilizopita, kwenye fainali ya kombe la mtaa wetu hapa Likoni, mwanasiasa mmoja alishika kipaza sauti kabla ya zawadi kutolewa, akatangaza kwamba kuanzia siku ile uwanja wetu utaitwa kwa jina la Kocha. Watu waliruka. Akina mama walipiga vigelegele, vijana wakambeba mzee wa watu mabegani, na mimi nikapiga makofi hadi viganja vikawaka moto. Kesho yake asubuhi, nikikatiza uwanjani kuelekea feri, nikaona vigingi vitatu vipya vya wapima ardhi, vichwa vimepakwa rangi nyekundu, nyuma ya goli la upande wa barabara. Kimoja kimesimama hatua nne tu kutoka kibendera cha kona.

Sidai kwamba mambo haya mawili yanahusiana. Nasema yametokea chini ya saa 24, na kwamba la kwanza lilishangiliwa na mtaa mzima ilhali la pili mpaka leo halijazungumzwa na yeyote mwenye kipaza sauti.

Kocha mwenyewe ameniomba nisimtaje kwa jina katika safu hii, nami nimekubali. Uwanja pia sitautaja, kwa kuwa kuna ombi linaloandikwa na sitaki liharibike kabla halijafika linakokwenda. Watu wa Likoni watajua. Wewe msomaji wa Kisauni, Malindi, Ukunda au Voi, weka wa kwenu hapo. Sidhani kama kuna mtaa Pwani hii usiokuwa na mtu wa aina yake.

Alikuwa kibarua bandarini. Siku aliyopata kazi alitoka zamu, akavuka feri, akafika uwanjani saa kumi na nusu na neti ya mipira mgongoni. Siku aliyokosa kazi alifika saa tisa. Hakuna aliyemlipa. Chokaa ya kuchorea mistari aliomba kwa mafundi waliokuwa wakijenga karibu. Nilipojiunga nikiwa darasa la tano tulikuwa watoto zaidi ya arobaini na jozi tisa za njumu, kwa hiyo anayepigia kulia alivaa cha kulia, anayepigia kushoto akavaa cha kushoto, na mguu uliobaki ukajitegemea. Tulicheka sana, lakini hakuna aliyekosa kucheza kwa sababu ya kiatu.

Na alikuwa na daftari. Kila siku ya mazoezi aliandika tarehe, majina ya waliofika, na upande wa pili majina ya wasiofika pamoja na sababu: madrasa, homa, kaenda Msambweni kwa bibi, kafukuzwa shule kwa karo. Mtoto akikosa mara tatu bila sababu, Kocha alikwenda kwao. Wakati unga ulipoingia mitaani na kuanza kuchukua vijana wa rika langu mmoja mmoja, ziara hizo ziliongezeka. Wengine aliwarudisha. Wengine hakuwaweza, na majina yao yamo humo bado, pembeni pameachwa wazi bila sababu yoyote kuandikwa.

Jambo moja zaidi, kisha niendelee. Agosti 1997, machafuko ya Kaya Bombo yalipolipuka hapa Likoni na majirani zetu wa kutoka bara wakakimbilia kanisani, wengine wakaondoka wasirudi, mazoezi yalisimama. Yalipoanza tena Kocha alivunja timu zote. Zamani tulijigawa wenyewe kwa mitaa, na mitaa ilikuwa na makabila yake. Yeye akatupanga mstari mmoja akatuhesabu: moja, mbili, moja, mbili. Uwe Mdigo, Mjaluo, Mkamba au Mwarabu, ukiangukia moja wewe ni moja. Hakutoa hotuba. Wazazi wengine walinung'unika, wawili wakawaondoa watoto wao, na baada ya miezi kadhaa wakawarudisha.

Basi je, mtu kama huyu anastahili uwanja kuitwa kwa jina lake? Kwangu hilo halina mjadala. Mcheza kwao hutuzwa. Linalonishughulisha ni aina ya tuzo tunayompa.

Tazama viwanja vyetu. Wundanyi kuna Uwanja wa Dawson Mwanyumba, aliyekuwa waziri katika miaka ya mwanzo ya uhuru. Mjini Kilifi kuna uwanja wa Karisa Maitha, aliyefariki 2004 akiwa waziri. Voi kuna uwanja wa Moi. Nairobi kuna Moi tena, ule wa Kasarani uliofunguliwa 1987 kwa Michezo ya Afrika Nzima, na Kisumu ulipojengwa mpya wa Mamboleo ukapewa jina la Jomo Kenyatta na kutumiwa kwa sherehe za Madaraka 2021. Sina ugomvi na marehemu hao. Ila mtoto anayekulia katika nchi hii anaweza kuamini kwamba mpira huchezwa na wanasiasa.

Halafu sikiliza watu wanavyosema. Makanga anaita Kasarani. Mwenyeji wa Kisumu anasema Mamboleo. Jina lililotoka juu hukaa kwenye tiketi na kwenye hotuba, mdomoni halishuki. Hata jina la Joe Kadenge, mchezaji aliyependwa kuliko wengi katika historia ya soka yetu, lililopewa City Stadium ya Nairobi baada ya kifo chake Julai 2019, linapata taabu. Abiria wa Jogoo Road bado anashuka City. Kule Eldoret ni tofauti kidogo. Uwanja wa Kipchoge Keino unaitwa hivyo na kila mtu, na nadhani ni kwa sababu mwenye jina aliishi na kukimbia miongoni mwa wanaolitamka. (Mwaka 2009 walijaribu hata kuuza jina la Nyayo kwa kampuni ya Coca-Cola. Makubaliano yalivunjika baada ya muda mfupi, na Nyayo ikabaki Nyayo.)

Sisi Pwani tuna historia yetu katika mchezo huu. Feisal ya Mombasa ilitwaa ligi ya Kenya mwaka 1965, ligi ikiwa changa, miaka miwili tu tangu ianze. Vijana wale hawakuzaliwa wakijua kutuliza mpira kifuani. Kuna mtu aliyewakusanya wakiwa wadogo kwenye vumbi, akawafundisha. Katika miaka yangu yote ya kuzunguka kisiwani na ng'ambo zake sijaona kibao hata kimoja chenye jina la mtu huyo.

Kwa hiyo nilipotoka pale kwenye fainali nilikuwa na furaha ya kweli. Vigingi ndivyo vilivyonirudisha chini. Nikaenda kwa Kocha baada ya Alasiri, nikamkuta barazani anashona mpira.

"Shikamoo, Kocha."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kunipongeza nawe?"

Nikamwambia nimekuja kumpongeza na kumuuliza kuhusu vigingi. Akaweka mpira chini. Alikuwa amekwisha kuviona kabla yangu, maana ndiye anayefika pale wa kwanza.

"Hilo jina mnalonipa, nyinyi mlikuwa mkiuita nini uwanja ule mlipokuwa wadogo?"

Nikafikiri. Mama alipouliza unaenda wapi saa hii, jibu lilikuwa moja: naenda kwa Kocha. Mpaka leo mwendesha boda boda ukimwambia "nipeleke kwa Kocha" hakuulizi kocha gani.

"Basi jina lipo," akasema. "Waulize hati iko wapi."

Nilikwenda kuuliza. Katika ofisi moja inayohusika na ardhi, karani mmoja mpole alinifungulia ramani ya zamani, akanionyesha uwanja wetu umechorwa kama eneo la wazi. Hauna namba ya ploti. Hauna hati. Umo katika mchoro tu. Nikamuuliza kama mtu anaweza kujitokeza na barua ya kugawiwa sehemu yake. Hakunijibu kwa maneno. Aliikunja ramani taratibu na kuirudisha kabatini.

Mtu wa Pwani hahitaji kufundishwa uzito wa karatasi. Sheria ya Hati za Ardhi ya 1908 iliwataka wenye ardhi katika ukanda huu waje kuidai rasmi, na ardhi ambayo haikudaiwa ikahesabiwa kuwa ya Serikali ya Mfalme wa Uingereza. Waliojua njia za ofisi walitoka na hati. Waliokuwa wakilima na kuzika wazee wao pale pale, bila habari ya tangazo wala ofisa, walizaa wajukuu wanaoitwa maskwota. Jina la ukoo lilikuwapo. Mnazi wa babu ulikuwapo. Karatasi haikuwapo.

Na viwanja vya kuchezea vimekuwa mawindo rahisi kuliko mashamba, kwa sababu havina mwenyewe anayelala hapo. Ripoti ya Tume ya Ndung'u, iliyokabidhiwa 2004, ilieleza jinsi ardhi iliyotengewa shule, viwanja vya michezo na hospitali ilivyoishia mikononi mwa watu binafsi. Wasomaji wengi watakumbuka Januari 2015, wanafunzi wa Shule ya Msingi ya Langata Road jijini Nairobi waliporushiwa vitoa machozi na polisi kwa kuusukuma ukuta uliojengwa kwenye uwanja wao. Ile ilikuwa shule, ina mwalimu mkuu, ina kengele, ina jina linalojulikana. Kama shule iliweza kujengewa ukuta, uwanja wa mtaa wenye magoli ya mabomba yaliyoshika kutu utajitetea na nini?

Baadhi ya wenzangu katika kamati ya mtaa wananiambia nisiharibu shughuli. Wanasema tupokee jina kwanza, kibao kisimame, gavana aje akizindue, na hati itafuata yenyewe kwa kuwa hakuna atakayethubutu kugusa uwanja wenye jina. Nawaelewa. Uchaguzi wa 2027 hauko mbali, na wanaona huu ndio wakati mwanasiasa yuko tayari kusikiliza. Tena kuna ukweli ndani yake: ploti ambayo kila mtu anaijua kwa jina la mzee fulani ni vigumu kuiuza kwa siri kuliko ploti isiyojulikana.

Lakini tangazo la kwenye kipaza sauti halina nguvu ya sheria hata kidogo. Michezo na viwanja vyake ni jukumu la kaunti chini ya Jedwali la Nne la Katiba. Ardhi ya umma ya aina hii, kwa Kifungu cha 62, kaunti inaishikilia kwa niaba ya wakazi wake, na Tume ya Kitaifa ya Ardhi ndiyo inayoisimamia. Sheria ya Ardhi ya 2012 inairuhusu tume hiyo kutenga ardhi ya umma kwa matumizi maalumu kwa tangazo katika Gazeti Rasmi la Serikali. Huko ndiko jina la Kocha linakopaswa kuandikwa kwanza, pamoja na vipimo vya uwanja vinavyojumuisha kona zote nne, pamoja na hati iliyo kwa jina la kaunti kwa niaba yetu. Kibao kije baada ya hapo. Kibao kikitangulia, mwanasiasa amemaliza kazi yake: picha imepigwa, ahadi imetimizwa, na sisi tutakuwa tumenyamazishwa kwa heshima. Nani atakayesimama kulalamikia hatua nne za ardhi nyuma ya goli siku ambayo mzee wetu anavishwa shada?

Ndiyo maana nasema tusitenganishe mambo haya. Ombi liwe moja. Ukitaka kumheshimu Kocha, upime uwanja wake. Ukiwa huwezi kuupima, tuambie ni kwa nini.

Sasa kuna pingamizi nyingine ambazo si za ardhi, na zimesemwa na watu ninaowaheshimu.

Mama mmoja anayeuza viazi karai pale pembeni aliniuliza kwa nini jina liwe la mtu mmoja. Yeye ameweka jezi za timu nyumbani kwake kwa miaka, ameziloweka na kuzianika, amewapa watoto maji, na mara mbili amekimbiza mtoto aliyevunjika mkono hospitalini kwa tuktuk aliyoilipia mwenyewe. Sikuwa na jibu zuri. Nilimwambia jina la Kocha litakuwa jina letu sote, akaniangalia kama mtu anayesikia siasa. Labda jengo la kubadilishia nguo, likija kujengwa, lipewe jina lake. Labda hilo nalo ni siasa.

Pingamizi ya wasichana ni nzito zaidi. Kwa miaka mingi pale uwanjani wasichana walikuwa watazamaji. Wakati ule ule, kule Kilifi, shirika la Moving the Goalposts lilikuwa limeanza tangu 2001 kuwapa wasichana mpira na nafasi ya kuongea juu ya maisha yao, na habari zake zilitufikia. Kocha alichelewa. Alipoanzisha timu ya wasichana alifanya hivyo kwa sababu binti wa jirani yake alikaa nje ya mstari mwezi mzima na njumu mkononi, hasemi kitu. Ananieleza hivyo yeye mwenyewe bila kujitetea. Mimi naona jina linaweza kumbeba mtu pamoja na kuchelewa kwake, lakini ratiba ya uwanja iandikwe ili wasichana wapate saa zao za jioni. Leo wanapewa saa nane, jua la utosi, wakati wavulana wanangojea kivuli.

Na kuna lile ambalo watu hulisema kwa sauti ya chini: je, kumpa jina mtu aliye hai si hatari? Wapo wanaotaka tungoje afe. Mimi nimechoka na heshima za matangani, ambapo marehemu anasifiwa na watu waliomnyima hata mpira mmoja. Hata hivyo swali lina maana, hasa kwa mtu mzima aliyeishi na watoto wa wenzake miaka yote hiyo. Jawabu lake ni kuuliza waziwazi. Kabla jina halijapitishwa, waliopita mikononi mwake, wavulana na wasichana, wapewe nafasi ya kusema lolote walilo nalo, zuri au baya, mbele ya watu wasiokuwa marafiki zake, na atakaye kusema faraghani aruhusiwe. Nilipomwambia Kocha hivyo nilitegemea atachukia. Akasema ndivyo inavyotakiwa kwa kila kocha, mwenye kibao na asiye nacho.

Njia ipo na haihitaji kujuana na mkubwa. Sehemu ya 15 ya Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inampa kila mtu haki ya kupeleka ombi kwa bunge la kaunti. Ombi letu limeandikwa kurasa mbili. Linataka uwanja upimwe wote, usajiliwe, utengwe kwa michezo, upewe jina la Kocha baada ya wakazi kusikilizwa, na vigingi vile vielezwe ni vya nani. Nakala ziko juu ya meza ya mama wa viazi karai kuanzia saa tisa alasiri. Njoo na kitambulisho chako.

Tunahitaji pia ushahidi kwamba uwanja umetumiwa na umma miaka yote, na hapo ndipo Kocha alipoingia ndani akatoka na sanduku la bati. Madaftari kumi na tisa. Mengine yameliwa na mende pembeni, mengine kalamu imefifia, lakini tarehe zinasomeka, mwaka baada ya mwaka, na majina ya watoto waliokuwa wamesimama juu ya ardhi ile siku hiyo.

Ijumaa tuliyabeba hadi duka la fotokopi karibu na stendi. Kijana wa mashine alikuwa akigeuza kurasa bila kutazama, kisha akasimama. Alikuwa ameliona jina la kaka yake mkubwa, na mbele yake neno "homa." Akatupunguzia bei. Hata hivyo pesa zetu ziliishia kwenye daftari la tatu, na kumi na sita bado zimo sandukuni.